Kipande cha Chini cha Muwa

Kwenye mazishi ya Owino, kule Yala, msichana mmoja aliniletea chai nami nikaikataa kwa sababu ilikuwa imetiwa sukari jikoni, sufuria nzima, kama ifanywavyo matangani. Akaniuliza kwa upole kama nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia sina, nina presha tu, na magoti. Akanitazama jinsi vijana wanavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kisha akaniletea maji ya moto kwenye kikombe kikubwa cha plastiki. Niliketi chini ya turubai nikiyanywa polepole, huku mwenye kipaza sauti akiwasihi wakwe wafupishe hotuba, na wala sikuwa nikimfikiria Owino wa jeneza lile, mzee wa miaka themanini na ushee aliyekuwa amebaki mifupa mitupu. Nilimfikiria Owino wa kambi ya wakataji miwa kando ya barabara ya Matete, mwaka ule wa kipindupindu: mrefu, mweusi tii kwa masizi ya shamba lililochomwa, akigonga bapa la panga kwenye ndoo ili nijue kundi limerudi na njaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mengi ya maisha yangu nimeyasahau bila majuto, hata harusi yangu mwenyewe naikumbuka vipande vipande, lakini mwaka ule ninao mzima.

Ilikuwa enzi ya miwa. Kila mwenye shamba aling'oa mihogo, akang'oa migomba, akapanda miwa hadi ukutani mwa nyumba, mtu akifungua mlango asubuhi majani yanamkwaruza uso. Watu walinunua redio na baiskeli kwanza, halafu ndipo wakakumbuka kwamba muwa haupikwi ugali. Wenyeji hawakutaka kukata, kazi hiyo waliiona ya wageni, kwa hiyo wakataji walitoka mbali: Waluo wa Yala na Ugunja, Wateso, Maragoli walioishiwa ardhi, na watu wa Uganda waliovuka mpaka wakikimbia wanajeshi. Walilazwa katika jengo refu la mabati lililogawanywa vyumba kwa mbao, wanaume wanane kila chumba, nguo zimetundikwa kwenye misumari, mapanga yamepangwa chini ya vitanda. Chumba cha kundi letu kilinuka jasho na moshi mtamu wa miwa iliyoungua, na harufu hiyo ilikuwa hadi kwenye unga. Nasema kundi letu kwa sababu mimi nilikuwa mpishi wao. Nililala kwenye banda la jikoni, nyuma ya pazia la magunia, na kazi yangu ilikuwa obusuma, yaani ugali, mara mbili kwa siku, mboga ya mrenda, dagaa wa omena, na chai. Chai yenyewe haikuwa na sukari. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho cha mwaka ule: wanaume walikata miwa kutwa kucha, na dukani sukari hakuna. Ikija, mwenye duka aliwauzia anaowajua, akasema imeisha. Sisi tulikunywa chai na muwa mkononi, funda moja, ng'ato moja, mpaka tukazoea.

Kila mkataji alipewa laini yake, mistari ya miwa kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na ole wake asiyemaliza. Nyapara alipita asubuhi, akapita tena adhuhuri, na laini isiyo na mtu ilimaanisha kwamba mwenyewe amepoteza kazi na kitanda siku hiyohiyo. Lakini wanaume walikuwa na utaratibu wao ambao nyapara hakuuelewa kamwe. Mtu akiugua malaria au akijikata mguu, aliye kulia kwake na aliye kushoto kwake waliigawana laini yake. Hawakuulizana. Kila mmoja alikata yake na nusu ya mwenziwe, rundo likawekwa mahali pake, na nyapara akiuliza aliambiwa mtu ameenda kunoa panga. Nilimsikia Owino, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, akimweleza hivyo kijana mgeni siku ya kwanza. "Hapa mtu haangukangi peke yake," alisema. "Ukilala, mimi nakata. Nikilala, wewe unakata. Hakuna asante."

Kijana huyo mgeni alikuwa Mafabi. Alikuwa Mgisu, kutoka upande wa pili wa Mlima Elgon, na alikuja na shati moja, panga ambalo halikuwa lake, na tabia ya kukunja blanketi lake kila asubuhi pembe kwa pembe kama lililotoka dukani. Ndugu yake alikuwa amechukuliwa na wanajeshi barabarani, na yeye hakungoja kujua kilichofuata. Hakuwa na kitambulisho wala karatasi yoyote. Alikuwa mcheshi hata hivyo. Alinitania kwamba ugali wangu ungeweza kutumika kujengea, kisha akaomba aongezewe, na nilipomwambia akapikiwe na mama yake alicheka halafu akanyamaza, nami nikajuta. Siku ya pili nilimwekea ukoko wa chini ya sufuria, kwa kuwa niliona anaupenda. Sikumpenda kwa namna ambayo watu walidhani baadaye. Nilimpenda jinsi unavyompenda mtu anayekula chakula chako kwa furaha, na kwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyewahi kusifiwa kwa lolote, hilo si jambo dogo.

Ugonjwa tuliusikia redioni kabla haujafika. Ulikuwa ukizunguka dunia, ukipita nchi baada ya nchi, na tuliuzungumzia jinsi watu wanavyozungumzia vita vya mbali. Halafu mwanamke mmoja akafa karibu na soko, akafuatwa na mumewe, na ndani ya juma moja kukawa na kizuizi barabarani, soko likafungwa, hema jeupe likasimikwa kwenye uwanja wa shule na mlangoni pake askari wawili. Wakataji hawakuruhusiwa kwenda makwao wasije wakaupeleka ugonjwa, lakini miwa ilibidi ikatwe, kwa hiyo walifungiwa nje ya nyumba zao na ndani ya kazi. Wenyeji walianza kuvuka barabara wakituona. Waliokuwa wakituuzia kunde waliziacha mbali, juu ya jiwe, wakarudi nyuma. Hata utani ulibadilika. Hakuna aliyethubutu tena kusema mtu ameenda chooni.

Bwana afya alikuja asubuhi moja na Landrova na kipaza sauti. Alisimama mbali na jiko langu, akatuambia tuchemshe maji, tunawe mikono, na mgonjwa anyweshwe maji yaliyochemka yenye sukari na chumvi. Alionyesha kwa mkono: sukari ya kuchota kwa vidole vinne, chumvi ya kufinya kwa vidole vitatu, maji chupa nzima. Nakumbuka sauti yake ilivyokwaruza: "Sukari kidogo! Chumvi kidogo! Maji mengi! Msizidishe!" Nilikuwa nikisonga ugali, mwiko mkononi, na nilisikia kila neno. Sitasema sikusikia.

"Hata dawa wanatupimianga na vidole," nilimwambia Owino.

Akacheka, akaniita binti wa Iguhu, kijiji chetu, kwa Kiluo chake. "Sukari imeisha kwa duka, nyar Iguhu. Serikali inaogopa tutamaliza yote."

Nami niliamini hivyo. Kipimo kile nilikiona ni ubahili wa mwaka wa uhaba, kama mwenye duka na kijiko chake.

Mafabi aliugua Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Walimleta wawili, mmoja kila kwapa, na tayari macho yake yalikuwa yameingia ndani. Owino alimtazama mara moja tu, akasema apelekwe kwenye hema. Hapo Mafabi, ambaye hakuwa na nguvu ya kusimama, alipata nguvu ya kushika nguzo ya banda langu kwa mikono miwili.

"Mzee, nakuomba. Usinipeleke pale. Pale wanaandika jina na kwenu. Nitasema kwetu ni wapi?"

"Utasema Kimilili."

"Wataniuliza chifu wa Kimilili ni nani." Alianza kulia. "Wale wa kambi ya chini walipona, wakapandishwa lori mpaka mpakani. Wewe unajua. Heri nife hapa."

Tulijua. Lori hilo tuliliona likipita, na wanaume wanne ndani yake, wamekaa kimya. Owino alikaa juu ya kinu changu kilichopinduliwa, akavuta pumzi, akaniuliza mimi, si wanaume: "Rasoa, utaweza?" Nikasema nitaweza. Nililisema kwa fahari, Mungu anisamehe. Kundi zima lilikuwa limesimama mlangoni likisubiri jibu langu, na sijawahi tena maishani kuwa mtu muhimu namna ile. Wakamlaza nyuma ya pazia langu la magunia, na kesho yake aliye kulia na aliye kushoto wakaigawana laini yake. Aliye kulia alikuwa Owino. Nyapara aliambiwa Mafabi ameenda kunoa panga.

Maji yaliyochemka nilikuwa nayo, chumvi nilikuwa nayo. Sukari sikuwa nayo hata chembe. Lakini nilikuwa katikati ya miwa, pande zote nne, mpaka upeo wa macho, na sukari hutoka wapi kama si humo? Nilimenya miwa, nikaikata vipande, nikaitwanga kwenye kinu cha mahindi, nikaikamua kwa leso yangu safi. Kisha nikachemsha, maana bwana afya alisema kuchemsha ni lazima. Maji ya muwa yakichemka hupungua na kuwa mazito, yakageuka rangi ya asali, na nilifurahi kuyaona yakiwa mazito kwa kuwa nilidhani dawa inakolea. Maji ya kisima sikuyaongeza. Kwa nini niizimue dawa ya mtu ninayetaka apone? Nikatia chumvi, nikaonja, nikaona ni tamu kuliko chochote nilichowahi kupika.

Wanaume walipopata habari kwamba dawa inatoka kwenye miwa, hawakuhitaji kuambiwa. Jumatano waliporudi kutoka shambani, kila mmoja alipitia jikoni na kipande chake. Lakini walileta kipande cha chini. Mkataji yeyote anajua kwamba utamu wa muwa umekaa karibu na udongo, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyopooza. Kipande cha chini mtu hula mwenyewe, hamgawii hata rafiki. Waliviweka mlangoni, vimefutwa masizi kwa shati. "Huu wa laini yangu iko na sukari mingi sana," alisema Mteso mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akiongea. "Mpatie huu." Rundo lilifika gotini. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, na hata leo, pamoja na yote ninayoyajua, naona kwamba sijawahi kuona watu wakitoa kwa moyo kama ule. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilimnywesha kikombe baada ya kikombe, nikimshika kichwa, na kadiri nilivyomnywesha ndivyo alivyozidi kuhara, nami nikazidi kumnywesha. Nilibadilisha majani na matambara chini yake, nikayachoma. Ngozi ya mkono wake ukiibana ilibaki imesimama. Aliniomba radhi kwa uchafu, mara nyingi, mpaka sauti ikakauka.

Alhamisi, jua likiwa limeshapanda na wanaume wakiwa shambani, alikufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono mwingine, na nilikaa hivyo kwa muda, nikiogopa kukimwaga.

Owino alienda mwenyewe kumwambia nyapara kwamba mtu amekufa ghafla. Watu wa afya walikuja na chokaa na glavu za mpira mikononi, wakachimba kwenye ukingo wa shamba, upande wa mtaro. Mwenye kuandika aliuliza marehemu ni nani. "Ni ndugu yangu," alisema Owino. Mwandishi alimtazama yule maiti mfupi, akamtazama Owino, akaandika. Hakuna wimbo ulioimbwa, kwa kuwa kukusanyika kulikuwa kumekatazwa, na wanaume walirudi kwenye laini zao kabla chokaa haijakauka. Msimu ulipoisha na kizuizi kuondolewa, nilikunja blanketi lake pembe kwa pembe, nikampa Owino, nikarudi Iguhu.

Nimeshiriki misiba mingi tangu siku hiyo, na miaka hii ya karibuni, Korona ilipokuja na watu wakazikwa na wanaume waliovaa nguo nyeupe, vijana waliniuliza kama niliwahi kuona mambo kama hayo. Nikawasimulia. Lakini nilikuwa nimeanza kusimulia zamani kabla ya Korona. Nilisimulia kanisani, kwenye vikundi vya akina mama, kwenye harusi: jinsi wakataji miwa wasiokuwa na kitu, watu wa makabila sita, walivyomletea mgeni vipande vyao vitamu kabisa. Nilisimulia vizuri, watu walifuta machozi. Owino mwenyewe alinisikia siku moja kwenye harusi ya mwanangu, ameketi safu ya pili na fimbo yake, na nilipomaliza akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Halafu, tayari nina wajukuu, nikachaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na tukaitwa mafunzo ya siku mbili. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, ananiita shosho, yaani bibi, kila baada ya sentensi. Alituonyesha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Mama mmoja akauliza, je, mtu akiongeza sukari ili mgonjwa apate nguvu? "Hapana, shosho," alisema, akigeukia upande wetu sote. "Sukari ikizidi inavuta maji kutoka kwa mwili inaingiza kwa tumbo. Mgonjwa anazidi kuhara. Unammaliza badala ya kumsaidia." Aliandika ubaoni, wenzangu wakaandika madaftarini. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikashikilia ukuta wa zahanati. Chakula cha mchana kilikuwa wali na ingokho, kuku wa kienyeji, na sikula.

Kesho yake nilienda Yala. Owino alikuwa chini ya mwanga wa dirisha, mguu mmoja umevimba, akichambua maharagwe kwenye ungo kwa ajili ya mke wa mwanawe, na alinitania kwamba nimezeeka kuliko yeye. Nilimwambia yote, kijiko kwa kijiko. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Binti yangu Atieno aliposoma uuguzi, alinifundisha hiyo kitu, ndio nifundishe nyumba hii. Zamani. Watoto wako walikuwa bado shule."

"Na harusini ulisema amina!"

"Nilisema."

Nilimkasirikia jinsi ambavyo sijawahi kumkasirikia mtu. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nijisifu mbele ya watu, nikisimulia nilivyomuua kijana wa watu kana kwamba ni ushuhuda. Alisukuma ungo kando.

"Nyar Iguhu, kipimo ulinionyesha, na mimi nikacheka nikasema serikali inaogopa. Kwa hema, ni mimi nilikubali asipelekwe. Na labda angekufa tu hata kwa hema, wengi walikufa." Akaokota haragwe lililoanguka. "Mpaka wa Uganda ulipofunguliwa, nilienda Bugisu. Nilimpelekea mamake ile blanketi. Nilimwambia kolera ilimuua, na msichana mmoja hakumuogopa. Sikukwambia, ungetaka kuja. Ningefanya nini? Wewe ulikuwa umelala, Rasoa. Nilikuwa nakata laini yako."

Nililia pale mbele ya maharagwe yake, na hakuniambia ninyamaze. Tangu siku hiyo sijatia sukari kinywani. Hatukulizungumzia jambo hilo tena hadi alipokufa.

Juzi mwenye kipaza sauti aliniita kama rafiki wa marehemu wa siku nyingi, akanipa dakika mbili. Nilisimama nimedhamiria kusema kila kitu. Nilimwona Atieno kwenye safu ya mbele, naye ni bibi sasa, leso imebanwa mdomoni. Nikasema Owino alikuwa mkataji hodari na mtu mwaminifu, watu wakapiga makofi, nikaketi. Wakamteremsha. Nilipofika Iguhu kabla ya giza nilitafuta kalamu, maana upande wangu wa kulia hakuna mtu tena wa kunikatia laini.

Kuna jambo ambalo hata yeye sikumwambia. Nilipokuwa nikimnywesha, Mafabi alikuwa akigeuza uso mbali na kikombe. Hakutaka utamu ule. Aliomba maji, maji matupu, na kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka jikoni, na birika la maji yaliyochemka lilikuwa jikoni penyewe, limefunikwa. Aliniomba mara tatu siku ya Jumatano na mara moja asubuhi ya Alhamisi. "Maji tu, dada." Mara zote nne nilimwambia dawa kwanza.